Shimo Hufungwa Kabla ya Kuchorongwa

Ndugu wanajiolojia, wachorongaji, maofisa wa mazingira, na ninyi wazee na akina mama wenye ardhi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi: asanteni kwa kuja.

Nianze na jambo ambalo sisi wa fani hii tunalijua vizuri, ila mbele ya wenye ardhi hatulisemi mara nyingi. Miradi mingi ya utafutaji madini haifiki kuwa mgodi. Tunapima, tunachora, tunachoronga, tunapeleka sampuli maabara, kisha majibu yanarudi: shaba ipo lakini imetawanyika mno, dhahabu ipo lakini haitoshi kulipia hata dizeli, au hakuna kitu kabisa. Tunafunga mizigo tunaondoka. Hakuna mgodi utakaojengwa pale, hakuna ajira ya miaka mingi, hakuna mrabaha. Mwenye ardhi anabaki na kitu kimoja tu kutoka kwetu, nacho ni hali tuliyomwachia ardhi yake. Mashimo mengi niliyoyasimamia maishani mwangu yameishia hivyo.

Kwa hiyo leo sitazungumzia madini. Nitazungumzia kinachobaki, na ninachokiamini nakisema mapema: ardhi hurejea vizuri au vibaya kulingana na yaliyoandikwa kwenye maombi ya kibali, wakati mtambo bado uko yadi. Anayengoja shimo la mwisho likamilike ndipo aanze kufikiria ukarabati, huyo amekwisha kuchelewa.

Kwa nini amechelewa? Tushuke kwanza ndani ya shimo.

Wachorongaji mnaufahamu ukubwa wa HQ, mmoja wa vipimo vya kawaida vya mashimo ya kuchorongea. Shimo lake lina kipenyo cha milimita 96, ngumi ya mtu mzima hupita kwa shida. Tuseme limeshuka mita 300. Ukipiga hesabu, ujazo wake wote ni takribani lita 2,170. Ni kidogo mno. Tangi la kawaida la maji linaweza kuumeza ujazo huo likabaki na nafasi. Ndiyo sababu watu hulidharau.

Lakini fikirieni lilikopita. Katika mita hizo 300 huenda limetoboa matabaka mawili au matatu yenye maji. La juu ni maji matamu, yale ambayo visima vya watu vinayategemea. La chini yake pengine ni maji ya chumvi, au maji yaliyokaa na mwamba wenye sumu ya aseniki kwa maelfu ya miaka. Kati yao palikuwa na udongo wa mfinyanzi uliowatenga majirani hao wawili tangu hapo kale. Sisi tumeutoboa. Tumeweka bomba pale palipokuwa na ukuta. Tabaka la chini likiwa na msukumo mkubwa kuliko la juu, maji mabaya yatapanda. Likiwa na msukumo mdogo, maji ya kisima cha mtu yatazama taratibu, na mwenye kisima ataona kamba yake inazidi kuwa fupi bila kujua sababu. Sisi tutakuwa tumeondoka zamani.

Shimo la namna hiyo linazibwaje? Saruji nyepesi au tope zito la bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, husukumwa kwa pampu kupitia mabomba yaleyale ya kuchorongea, likaanza kujaa kutoka chini, na mabomba yakatolewa kidogo kidogo kadiri linavyopanda. Huo ndio utaratibu ninaoutaka, na sababu yake ni rahisi. Ukimwaga kutoka juu, mzigo hunasa njiani. Utaziba mita chache za juu, mita 200 za chini zitabaki wazi, na wewe uliyesimama juu utaona shimo limejaa hadi mdomoni. Picha itapigwa, fomu itasainiwa, na maji yataendelea kusafiri huko chini.

Sasa mnaona kwa nini nasema suala hili ni la mezani. Shimo huzibwa vizuri wakati mtambo ungali juu yake na mabomba yangali ndani. Mtambo ukishahama, kuta huporomoka, na kuingia tena ni kuchoronga upya. Kwa hiyo siku shimo linapomalizika, saruji lazima iwe imefika, pampu ya kuchanganyia iwepo, maji yawepo, na ziada iwepo kwa ajili ya nyufa zitakazokunywa zaidi ya zile lita 2,170. Nani aliagiza saruji hiyo? Nani alihesabu saa za mtambo kusimama bila kuchoronga wakati shimo linazibwa? Kama haikuandikwa kwenye mpango wala kwenye mkataba wa mchorongaji, haitakuwepo. Mchorongaji analipwa kwa mita. Msimlaumu kwa kuhama haraka ikiwa ninyi wenyewe mmemlipa ahame haraka.

Na msidhani kila shimo linafaa dawa moja. Bentonaiti huvimba vizuri kwenye maji matamu, lakini kwenye maji ya chumvi kali huvimba kidogo tu na muhuri hauwi muhuri. Hilo nalo litajulikana kama maji yamepimwa. Likiwepo shimo linalobubujika lenyewe, uzito wa saruji ni lazima ukokotolewe ushinde msukumo wa maji. Mfuko mmoja wa kubahatisha hautaweza.

Kuna mji mmoja Ujerumani, kusini-magharibi, unaitwa Staufen. Septemba 2007 vilichorongwa visima 7 vyembamba, vya kina cha mita 140 hivi, ili kupata joto la ardhini la kupasha jengo la halmashauri ya mji. Havikuwa vya madini, lakini mwamba haujui tofauti. Visima vilipita kwenye tabaka la anhidraiti, mwamba mkavu ambao ukikutana na maji hugeuka jasi na kuvimba. Maji yenye msukumo yalipanda kutoka chini kupitia visima ambavyo havikuwa vimezibwa sawasawa, yakaifikia anhidraiti. Mji ukaanza kuinuka. Ukainuka makumi ya sentimita, mwaka baada ya mwaka, na majengo zaidi ya 200 yakapasuka kuta, mengine yakiwa ya karne nyingi. Mashimo 7 tu. Kila mara mtu aniambiapo shimo ni dogo halina neno, humwonyesha picha za kuta za Staufen.

Tutoke shimoni sasa, maana juu ya ardhi kuna kosa jingine, na hili tunalifanya karibu sote. Tunahesabu mashimo na kusahau barabara.

Chukueni mradi wa mashimo 10. Kila mtambo unasimama kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Viwanja vyote 10 ni mita za mraba 4,000. Sasa barabara ya kuvifikia, yenye upana wa mita 4. Kilomita moja tu ya barabara hiyo ni mita za mraba 4,000, sawa na viwanja vyote. Mkikata kilomita 5, mmevuruga hekta 2 kwa barabara peke yake, mara tano ya eneo mlilochorongea. Halafu barabara ndiyo inayokata mikondo ya maji, ndiyo inayofungua msitu kwa wakata magogo, ndiyo inayogeuka korongo baada ya mvua tatu. Mimi huwaambia vijana wangu: nionyesheni barabara kwanza, mashimo baadaye. Mara nyingi njia ya zamani ipo, imezunguka kidogo tu, na kuitumia kunaongeza nusu saa ya safari. Mara nyingine mtambo mdogo unaobebwa vipande vipande kwa helikopta au kwa mabega ya watu unaondoa haja ya barabara kabisa. Maamuzi hayo yote hufanyika kwenye ramani. Doza likishapita, mmeamua.

Hesabu hiyo ya barabara ina maana pia kwenye sheria. Marekani, kwenye ardhi za umma zilizo chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, utafutaji utakaovuruga ekari 5 au pungufu kwa kawaida hauhitaji mpango kamili wa kazi. Unapeleka taarifa, ofisi inakuwa na siku 15 za kuipitia. Ekari 5 ni kama hekta 2. Kwa hiyo zile kilomita 5 za barabara zimemaliza ekari zenu karibu zote kabla hamjachoronga hata shimo moja. Nchi nyingi zina ngazi za namna hiyo: kazi ndogo, fomu fupi, kazi kubwa, tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Wazo la kupima madhara kabla ya kuyatenda bado ni changa. Sheria ya taifa ya mazingira ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1969, ilisainiwa 1 Januari 1970, na mwaka 1992 Azimio la Rio, katika kanuni yake ya 17, likazitaka nchi zifanye tathmini kwa shughuli zinazoelekea kuleta madhara makubwa. Uchorongaji wa utafutaji mara nyingi huanguka chini ya mstari huo wa "makubwa". Ninyi mnaojaza fomu fupi, nawasihi: ufupi wa fomu haupunguzi kina cha shimo. Pale ambapo ofisa hatakuja kukagua kwa wiki nzima, ni dhamiri yenu na maandishi yenu ndivyo vitakavyolinda mahali pale.

Niwaambie jinsi maombi yanavyokwama, kwa kuwa najua wengi mmekuja kutafuta hilo. Hukwama kwa sababu aliyeyaandika hakufika. Amechukua mpango wa mradi mwingine akabadilisha jina. Ofisa anasoma kwamba hakuna mkondo wa maji, anafungua picha ya setilaiti, anaona mitatu. Tangu hapo haamini ukurasa wowote. Tembeeni njia nzima kwa miguu kabla ya kuichora. Pigeni picha pale kila kiwanja kitakapokuwa, kwa kusimama sehemu ambayo namba zake za mahali kwenye ramani zimeandikwa, ili picha ya baadaye ipigwe palepale. Pimeni maji ya visima vya jirani kabla ya kazi, na nakala ya majibu mpeni mwenye kisima siku hiyohiyo. Ulizeni makaburi yako wapi, mahali pa ibada pako wapi, ndege wanataga mwezi gani, mifugo hupita wapi kwenda kunywa. Hayo hamtayapata kwenye setilaiti.

Jambo moja la kiufundi ambalo wanajiolojia hulisahau: mashimo huhama. Shimo la kwanza likitoka na mwamba tusioutarajia, la pili tutalisogeza mita 80 mashariki. Hiyo ndiyo sayansi yetu, hatuwezi kuizuia. Basi msiombe kibali cha nukta 10 zilizopigiliwa. Pale sheria inaporuhusu, ombeni eneo lenye mipaka, ndani yake mkiainisha mahali pasipoguswa kamwe, pamoja na ukomo wa jumla wa ardhi mtakayovuruga. Hapo shimo linaweza kusogea bila mtu kuvunja ahadi. Nimeona watu wazuri wakiingia kwenye makosa kwa sababu tu kibali chao kilikuwa kigumu kuliko kazi yao, na wakaona aibu kurudi ofisini kukiomba kirekebishwe.

Sasa niwaambie kisa changu. Wakati huo nilikuwa msimamizi mpya. Tulikuwa tumemaliza shimo, na pembeni tulikuwa na dimbwi la tope, lile la kutulizia maji ya kuchorongea yenye bentonaiti na polima. Mvua zilikuwa zinakaribia, ratiba ilikuwa imebana, nikaamuru lifukiwe likiwa bado bichi. Tukasukumia udongo juu, tukasawazisha, pakapendeza. Siku kadhaa baadaye ndama wa mtu aliingia pale. Juu palikuwa na ukoko mkavu, chini uji. Walimkuta jioni, amezama hadi shingoni, amekwisha kufa. Mwenye ndama alikuwa mama mmoja mtu mzima. Tulimlipa, lakini hakuzungumzia fedha. Aliuliza kitu kimoja: "Kama angekuwa mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Dimbwi hukaushwa kwanza. Maji yake huvutwa yakatumike kwenye shimo linalofuata au yaachwe yakauke, na muda wote huo liwe limezungushiwa uzio, na upande mmoja uwe na mteremko mpole ili mnyama aliyetumbukia aweze kupanda. Kama mvua zinakuja, basi mpango wa kutumia matangi ya chuma badala ya dimbwi ulipaswa kuwa kwenye maombi tangu mwanzo. Mimi sikuwa nao. Ratiba yangu ilitengenezwa kwa kuangalia maabara tu, bila kuangalia kalenda ya mvua.

Vumbi na vipande vya mwamba vinavyotoka shimoni navyo msivimwage ovyo. Kama mwamba una pairaiti au salfaidi nyingine, yaani madini yenye salfa, ukikaa juu ukapata hewa na maji hutengeneza asidi ya salfuriki, na palipomwagwa hapataota kitu. Virudishwe shimoni au vifukiwe chini kabisa ya dimbwi lililokauka. Mifuko ya plastiki ya sampuli iondoke yote. Jua huipasua ikawa vipande visivyookoteka tena. Mafuta yakimwagika, udongo ule uchotwe siku hiyohiyo. Na mdomo wa shimo msiuache wazi hata usiku mmoja: mijusi, panya na nyoka hutumbukia wasitoke, na huko Australia jambo hili limekuwa balaa kwa wanyama wadogo wa jangwani kutokana na mashimo yaliyosahaulika. Kifuniko cha muda kiwekwe mara mabomba yanapotoka. Kile cha kudumu kikae chini ya uso wa ardhi, kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za shimo, ikatwe, kisha udongo urundikwe juu kidogo maana utashuka.

Kuhusu udongo wa juu nitasimama kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona hasara kubwa inayofanywa na watu wasio na nia mbaya. Zile sentimita 10 au 15 za juu ndizo zenye mbegu, mizizi, kuvu na wadudu. Chini yake ni udongo tu. Kiwanja kimoja cha mita 20 kwa 20, ukikivua sentimita 15, unapata mita za ujazo 60, malori kadhaa. Dereva wa doza asipoelekezwa atazichanganya na udongo wa chini kwa pigo moja la sahani, na hapo umekwisha. Hakuna mbolea itakayourudisha. Kwa hiyo udongo wa juu uvuliwe peke yake, uwekwe peke yake, kwenye tuta lisilozidi mita 2 kwenda juu ili usikose hewa, mbali na njia ya magari. Usikae muda mrefu, maana mbegu hufa. Siku ya kurudisha, ardhi iliyoshindiliwa na magari ichimbuliwe kwanza kwa meno ya doza, kwa kufuata kontua, yaani kukingama na mteremko, na wakati udongo ni mkavu. Ukiichimbua mbichi unaipaka tu. Kisha udongo wa juu utandazwe, na matawi yaleyale mliyokata yalazwe juu yake. Matawi huvunja nguvu ya mvua, hushika mbegu, na huzuia magari. Katika sehemu nyingi hamna haja ya kununua mbegu za nyasi za kigeni. Mimea ya palepale inajua kuota kwao, mkiipa udongo wake.

Nimalizie na fedha, kwa sababu maneno yote haya bila fedha ni ahadi ya msafiri. Dhamana ya ukarabati, yaani fedha inayowekwa kabla ya kazi ili ardhi irekebishwe hata kampuni ikishindwa, watu huiona kama adhabu. Mimi naiona kama swali la haki: tukifilisika kesho, nani atalifunga shimo? Makampuni ya utafutaji ni madogo, yanaishi kwa fedha za wanahisa, na hufa ghafla bei ya madini inaposhuka. Kwenye zile ardhi za umma za Marekani nilizozitaja, hata mwenye kazi ya ekari chache hatakiwi kuanza kabla dhamana haijawekwa, na kiasi chake hukokotolewa kana kwamba serikali italazimika kumwajiri mkandarasi mwingine aje afanye kazi yote. Hapo ndipo hesabu nyingi hudanganya. Mtu huandika gharama ya kufunga shimo akiwa na mtambo wake uliopo palepale. Mgeni atakayekuja baada yenu hana mtambo pale. Ataukodi, atausafirisha, ataitengeneza barabara upya. Andikeni bei ya mgeni huyo. Mkiiona ni kubwa, mtapata sababu nyingine ya kufunga kila shimo siku linapomalizika.

Nanyi wenye ardhi, mna haki ya kuuliza. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linasema wazi kwamba idhini yao itafutwe ikiwa huru, mapema, na wakiwa wamefahamishwa. Hata kwa mwenye ardhi ambaye azimio hilo halimhusu moja kwa moja, maneno hayo matatu ni kipimo kizuri. Mwambieni mtu yeyote anayekuja na mtambo awaonyeshe ramani ya barabara, orodha ya saruji, na barua ya dhamana. Akianza na ajira za mgodi, mrudisheni kwenye saruji.

Kazi pia haiishi siku ya kuondoka. Mtarudi baada ya mvua za kwanza kuona udongo umekaa au umekimbia, na mtarudi tena baada ya msimu wa pili, kwenye sehemu zilezile za picha. Bajeti ya safari hizo mbili iwe imetengwa leo.

Mezani mbele yenu kuna ramani za mradi wa mazoezi, mashimo 10, bila njia yoyote iliyochorwa. Wenye ardhi mkae pamoja na wanajiolojia, kila meza. Chukueni kalamu, tuanze na barabara.